Mkaa, makaa, ukaa: joto hili limetoka kwenye gunia lipi?

Kiswahili kimeweka vitu vitatu kwenye ukoo mmoja. Mkaa ni ule unaopimwa kwa kopo au kisado kando ya barabara. Makaa ya mawe ni yale yanayochimbwa Ngaka, kule Ruvuma, na kupakiwa kwenye malori kuelekea bandari ya Mtwara. Na hewa ukaa ni ile gesi inayotoka yote mawili yakiungua, ndiyo hiyo hiyo tunayoitoa puani. Mzizi wa neno ni mmoja, na hata mkemia atakwambia kitu ni kimoja: kaboni.

Pengine ndiyo maana kwenye mikutano yetu ya hadhara mabadiliko ya tabianchi hupata mshtakiwa upesi sana. Mvua ikichelewa, ni mchoma mkaa. Mto ukikauka, ni yeye. Barafu ya Kilimanjaro ikipungua, bado ni yeye na baiskeli yake yenye magunia mawili. Mimi nadhani mtu huyu ana kesi ya kujibu, ila si hii anayosomewa. Kuna mafaili mawili au matatu yamechanganywa mezani, na mpaka yatenganishwe hatutaelewa binadamu ameigusaje tabianchi, tangu lini, na binadamu gani.

Neno tabianchi lenyewe lina mtego. Hali ya hewa ni mvua iliyokunyeshea leo ukitoka sokoni. Tabianchi ni mazoea ya mahali: kaskazi hugeuka kuwa kusi lini, masika huanza wiki gani, kipupwe huuma kiasi gani. Wataalamu huisoma kwa wastani wa miaka 30, kwa hiyo mwaka mmoja wa mafuriko au wa ukame hauwezi kutoa ushahidi wowote ukiwa peke yake.

Tukubali pia mapema kwamba tabianchi imewahi kugeuka bila mkono wa mtu. Ziwa Victoria lilikauka miaka kama 17,000 hadi 15,000 iliyopita. Watafiti walipotoboa tope la chini walikuta udongo uliowahi kuwa nchi kavu. Baadaye mambo yakapinduka. Kati ya miaka kama 11,000 na 5,000 iliyopita Sahara ilikuwa na nyasi, viboko na maziwa, na Ziwa Turkana lilijaa makumi ya mita juu ya lilipo leo. Chanzo kilikuwa namna dunia inavyoinama na kulizunguka jua. Mwendo huo hubadilika polepole mno, na jua la kiangazi lilipozidi upande wa kaskazini, lilivuta mvua ndani zaidi ya bara.

Basi, husema wenye mashaka, kama iligeuka bila sisi, mbona leo tunajilaumu? Mwaka 2016 nyumba nyingi zilianguka Bukoba kwa tetemeko. Hilo halimwokoi fundi aliyechanganya saruji kidogo na mchanga mwingi, nyumba yake ikaanguka siku ambayo ardhi ilikuwa imetulia. Kazi ya mpelelezi ni kuuliza kama ardhi ilitikisika siku hiyo. Kwa joto letu la sasa, swali hilo limeulizwa. Nguvu ya jua inapimwa kwa setilaiti tangu mwaka 1978 na haijapanda. Mwendo wa dunia kulizunguka jua, kwa jinsi ulivyo sasa, ungetupeleka taratibu kwenye ubaridi. Ardhi imetulia, na nyumba inaanguka.

Moto, jembe na tanuri

Faili la kwanza ni la ardhi, nalo ni la zamani. Kwenye vilima vya Buhaya, Kagera, wahunzi walikuwa wakiyeyusha chuma miaka 2,000 iliyopita na zaidi, na tanuri la chuma hula mkaa kwa kiasi ambacho jiko la mama lishe haliwezi kukifikia. Chavua za mimea zilizobaki kwenye tope la maziwa na mabwawa ya ukanda wa Maziwa Makuu zinaonyesha misitu ikirudi nyuma na nyasi zikisogea mbele katika karne hizo. Mtaalamu mmoja wa Marekani, William Ruddiman, alikwenda mbali zaidi: mwaka 2003 alidai kwamba wakulima wa kale, kwa kufyeka misitu na kulima mpunga wa majaruba, walianza kuipasha dunia maelfu ya miaka kabla ya viwanda. Wenzake bado wanabishana naye.

Msitu ukiondoka, hutokea mambo mawili yasiyofanana. La kwanza huonekana pale pale. Kivuli kimekwenda, udongo unaota jua, mvua ikija inateremka na tope badala ya kuzama, na ule unyevu ambao miti ilikuwa ikiupumulia angani haupo tena. Kijiji kinakuwa na joto zaidi na kisima kinawahi kukauka. Hakuna haja ya satelaiti kuliona hili. Bibi yeyote aliyekaa sehemu moja miaka 50 atakusimulia.

Shinyanga ndiyo shule yetu ya jambo hilo. Wakati wa mkoloni pori lilifyekwa kwa makusudi ili kuwanyima mbung'o maficho, kisha pamba na ng'ombe vikafuata, mpaka miaka ya 1980 watu wakawa wanautaja mkoa huo kama jangwa linalozaliwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ulichofanya cha busara ni kuacha kuleta miche ya kigeni na kurudi kwa Wasukuma wenyewe, waliokuwa na ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi. Ngitili zilizokuwa zimebaki hekta kama 600 zikaongezeka hadi zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Miti mingi haikupandwa hata. Visiki vilikuwa hai chini ya ardhi, vikisubiri tu visiliwe.

Jambo la pili la msitu ulioondoka halionekani kijijini: kaboni iliyokuwa kwenye shina imepanda angani, na huko haina uraia. Hapa ndipo hesabu za dunia zinashangaza. Mpaka karibu mwaka 1950, kufyeka misitu na kuvunja ardhi mpya kulitoa hewa ukaa nyingi kuliko makaa ya mawe na mafuta. Ila wafyekaji wakuu wa karne ya 19 hawakuwa wachoma mkaa wa Chalinze. Walikuwa wenye mashoka wa Marekani ya Kaskazini na wenye plau wa nyika za Urusi. Ukijumlisha tangu 1850 hadi leo, ardhi imechangia karibu theluthi moja ya hewa ukaa yote tuliyoirusha. Theluthi mbili zilizobaki ziko kwenye faili jingine.

Upatu na chungu cha babu

Chukulia akina mama 12 wanaocheza upatu. Kila mwezi kila mmoja anatoa 20,000, na mmoja wao anapokea. Mwezi huu Mama Asha amenunua friji, mwezi ujao mwingine anaezeka nyumba, lakini fedha zilizopo kwenye kundi ni zile zile. Mti na anga wanacheza upatu. Mti unavuta hewa ukaa, unajenga shina, kisha unaungua au unaoza na kuirudisha, na mche mwingine unaipokea. Mchezo huvurugika pale mmoja anapopokea na kugoma kuchanga: umekata msitu, hukuuacha uchipue, deni likabaki hewani.

Sasa aje mtu na chungu kilichofukiwa na babu wa babu yake, akimwage mtaani. Hizi si fedha za mchezo. Hazikuwa kwenye mzunguko kabisa. Makaa ya Ngaka ni mimea iliyofia kwenye vinamasi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Kaboni ile ilishajitoa kwenye upatu miaka kama milioni 100 kabla ya dinosaria wa Tendaguru, kule Lindi, hawajaanza kutembea. Ukiichoma leo, hakuna mti uliokuwa unaisubiri.

Waingereza ndio walioanza kukifukua chungu kwa kasi. James Watt alipata hati ya injini yake ya mvuke mwaka 1769, na kutoka hapo makaa ya mawe yakavuta maji migodini, yakaendesha vinu vya pamba, reli na meli. Baada ya vita ya pili ya dunia mafuta yakaingia kwa nguvu zote. Lakini usidhani dhambi yote ni ya mababu wenye kofia ndefu. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa iliyotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi katika historia nzima imetoka baada ya mwaka 1990, wakati onyo lilishatolewa na mikutano ilishaanza.

Onyo lenyewe lilikuwa la zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1856 mwanamke wa Kimarekani, Eunice Foote, alijaza hewa ukaa kwenye silinda ya kioo, akaianika juani, akaona inapata joto kuliko hewa ya kawaida na inachelewa kupoa. Miaka mitatu baadaye John Tyndall akapima kwa makini namna gesi hiyo inavyozuia joto linalotoka ardhini. Mwaka 1896 Msweden Svante Arrhenius akakaa na kalamu akakokotoa dunia ingepanda joto kiasi gani gesi hiyo ikiongezeka. Hakuogopa hata kidogo. Alikuwa anaishi Stockholm, na wazo la majira ya baridi kupungua makali lilimfaa. Mwaka 1938 mhandisi wa mvuke wa Uingereza, Guy Callendar, akakusanya vipimo vya vituo 147 na kusema joto limekwisha anza kupanda. Wengi hawakumsikiliza.

Kilichomaliza ubishi ni kupima. Charles Keeling alianza mwaka 1958 kupima hewa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, akapata sehemu kama 315 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni. Mwaka 2024 wastani ulipita 420. Kabla ya viwanda zilikuwa kama 280. Tunajuaje za kabla? Barafu ya Antaktika imefungia mapovu ya hewa ya kale, na ukiichimba hadi kina cha miaka 800,000 hukuti hata mara moja kiwango kilichopita 300 na kidogo.

Inabaki hoja ya mwisho ya wakili wa utetezi: gesi imeongezeka, sawa, lakini nani kasema imetoka kwenye chungu? Si volkano hizo?

Noti zina namba. Kaboni iliyo kwenye viumbe hai ina chembe za aina inayoitwa kaboni-14, ambazo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Makaa ya mawe yamekaa mamilioni ya miaka. Hayana hata punje yake. Kwa hiyo yakichomwa kwa wingi, hewa ya dunia nzima inazimuliwa, kama maziwa yaliyotiwa maji. Hans Suess aliiona dalili hiyo kwenye pete za miti mnamo miaka ya 1950. Ipo namba ya pili: mimea hupenda kaboni nyepesi kuliko nzito, hivyo vitu vyote vilivyotokana na mimea, hata vya kale, vina alama hiyo ya wepesi. Kaboni ya volkano haina. Hewa yetu inazidi kuwa nyepesi. Ukiweka pamoja ushahidi huo, kilichoungua ni mimea, na ni mimea ya kale sana. Volkano zote za dunia kwa mwaka, pamoja na Ol Doinyo Lengai yetu yenye lava ya ajabu iliyojaa kaboni, hutoa chini ya asilimia moja ya kile tunachotoa sisi.

Na hiyo gesi yote haibaki angani. Karibu nusu humezwa na bahari na mimea, bila malipo. Bahari hulipa kwa namna yake: maji yanazidi ukali kwa asidi, na joto likizidi matumbawe yanapauka, kama yalivyopauka Mafia na Zanzibar mwaka 1998.

Moshi unaopoza

Hili ndilo faili linalosahaulika. Makaa ya mawe hayatoi hewa ukaa peke yake. Hutoa pia salfa, na chembe za salfa angani hurudisha sehemu ya mwanga wa jua ulikotoka. Yaani moshi ule ule unapasha na kupoza. Tofauti ni kwamba salfa hunyesha chini baada ya siku au wiki, ilhali sehemu kubwa ya hewa ukaa hukaa karne na karne.

Katikati ya karne ya 20 Ulaya na Marekani zilitoa salfa nyingi kiasi kwamba bahari ya Atlantiki ya Kaskazini ilipoa kidogo ikilinganishwa na ya kusini. Ukanda wa mvua za kitropiki hufuata upande wenye joto, kwa hiyo ukasukumwa kusini. Tafiti kadhaa sasa zinaona kwamba hilo lilichangia ukame wa Sahel wa miaka ya 1970 na 1980, ule uliokausha Mali, Niger na Chad na kuua mifugo na watu wengi sana. Wakati ule lawama ziliangukia wafugaji: mbuzi wamekula nchi. Mbuzi walikuwepo, ni kweli. Lakini sehemu ya mkosi ilitoka kwenye bomba za viwanda vilivyo maelfu ya kilomita kaskazini, na mfugaji wa Timbuktu asingeweza kulijua hilo hata kidogo.

Kilimanjaro, mahali mafaili yote yanapokutana

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta, na wasomi wa London wakamcheka. Mwaka 1912 barafu hiyo ilipopimwa ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2007 zilibaki pungufu ya 2. Mtu akikuonyesha takwimu hizo na picha mbili, jibu linaonekana rahisi: dunia imepata joto, barafu imeyeyuka.

Si rahisi hivyo. Kule juu joto la wastani liko chini ya sifuri, na sehemu kubwa ya barafu haiyeyuki kuwa maji. Inaliwa na jua na kugeuka mvuke moja kwa moja. Tena ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, kabla hewa ukaa haijaongezeka sana, baada ya miaka ya mvua nyingi kukatika Afrika Mashariki. Ziwa Victoria nalo lilishuka katika miaka hiyo hiyo. Barafu ilikosa theluji mpya ya kuilisha na kuifunika. Kwa hiyo mwanzo wa kupungua hatuwezi kuuandika wote kwenye hesabu ya binadamu. Kuendelea kwake ni jambo jingine: Bahari ya Hindi inayopata joto ndiyo inayoamua unyevu gani ufike mlimani, na joto la anga sasa halimpi mgonjwa nafasi ya kupona.

Na mchoma mkaa? Chini ya barafu kuna msitu, na msitu huo ndio unaokamata ukungu na kulisha mito ya Wachaga na ya Pangani. Moto, kama ule wa Oktoba 2020, umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita tangu miaka ya 1970. Maji ya Moshi na Hai yanatoka huko zaidi kuliko kwenye barafu. Mwenye kiberiti mlimani anayapunguza maji. Barafu haimhusu sana.

Ugumu wa Kilimanjaro uliwaumbua hata mabingwa: mwaka 2002 ilitabiriwa kwamba barafu itakwisha kati ya 2015 na 2020. Ipo bado, vipande vipande. UNESCO mwaka 2022 ilisema barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya itatoweka ifikapo 2050.

Masika nayo ni fumbo la namna hiyo. Mifano mingi ya kompyuta inayoigiza tabianchi inasema Afrika Mashariki itapata mvua zaidi dunia ikipata joto, lakini masika imekuwa ikilegea tangu miaka ya 1980. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ilikataa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Wataalamu wanaochunguza mchango wa joto katika majanga walisema mabadiliko ya tabianchi yameongeza uwezekano wa ukame wa namna ile angalau mara 100, na sababu kubwa haikuwa mvua pekee: joto lilikausha haraka hata kile kidogo kilichonyesha.

Turudi kwenye gunia

Mpaka leo Marekani peke yake imetoa karibu robo ya hewa ukaa yote ya makaa ya mawe, mafuta na gesi. Afrika nzima, kuanzia Cairo hadi Cape Town, kama asilimia 3. Joto la dunia katika muongo wa 2011 hadi 2020 lilikuwa nyuzi 1.1 juu ya lile la 1850 hadi 1900, na mwaka 2024 pekee ulifika kama 1.5. Mchoma mkaa wetu kwenye hesabu hiyo haonekani hata kwa darubini.

Kwenye hesabu ya bonde lake anaonekana vizuri sana. Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na kwa mijini hiyo mara nyingi maana yake ni mtungi wa gesi. Hapa upatu unaleta kichekesho kidogo: gesi ya mtungi imetoka kwenye chungu cha babu, mkaa uko kwenye mchezo. Je, tunamwambia mama aache kilicho kwenye mzunguko achukue kilichofukuliwa? Kwa vitendo, mtungi mara nyingi bado unashinda. Tanuri la udongo la porini hupoteza sehemu kubwa ya kuni na kutoa methani, gesi nyingine inayopasha dunia, njiani, moshi wa jiko unaumiza mapafu, na mahali penyewe mara nyingi hugeuzwa shamba, miti isirudi.

Si mahali pote. Katika baadhi ya vijiji vya Kilosa, Morogoro, msitu wa kijiji uligawanywa vitalu vinavyovunwa kwa zamu ya miaka 24. Mti unakatwa kwa kuacha kisiki kirefu kidogo, na jembe haliruhusiwi kuingia. Ukitaka kujua gunia lililo mbele yako lina deni gani, bei haitakusaidia. Muulize muuzaji limetoka wapi, na kama visiki vya huko vimechipua.